Kurasa Tatu Kabla ya Chai

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili usije ukadhani nilianza kuandika kila asubuhi kwa kutafuta utulivu wa roho, kama wale wanawake wa kwenye mabango ya dawa za usingizi. Nilianza kwa sababu nilibakiza kidogo tu kumrushia mama mkwe wangu kopo la rangi.

Hapa Meinong, kusini mwa Taiwan, sisi tunatengeneza miavuli ya karatasi. Mume wangu, Sheng-fu, hupasua mianzi na kufunga mbavu. Mimi huchora. Kabla yangu aliyechora ni mama yake, Man-mei, mpaka mkono ulipoanza kumtetemeka. Sasa ana miaka themanini na moja, anakaa juu, na kila siku saa mbili asubuhi hushuka ngazi pole pole, anavuta kiti, anakaa ubavuni mwangu na kutazama brashi yangu. Hasemi nzuri. Hasemi mbaya. Husema "Mmh," halafu hupanda zake juu. Nimeolewa miaka ishirini na miwili, na "Mmh" hizo ningezipanga zingefika mjini Kaohsiung.

Mwaka huu, tangu majira ya mvua, mkono wangu uligoma. Nilichora maua ya peoni juu ya peoni, zote zimevimba na kunyong'onyea, mpaka mteja mmoja kutoka Taipei akaniuliza kwa adabu, "Dada, hizi kabichi mnalima hapa hapa?" Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale. Akasema, "Mmh." Ndiyo siku niliyolitazama lile kopo la rangi kwa jicho baya.

Jioni yake nikajiandikisha darasa la bure maktabani. Mwalimu alikuwa binti mdogo, Mwalimu Fan, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Kanuni zake zilikuwa chache. Ukiamka, kabla ya chai, kabla ya simu, andika kurasa tatu kwa mkono. Usiinue kalamu. Usifute. Usirudi kusoma, wala mtu mwingine asisome. "Ukikosa la kuandika," akasema, "andika 'sina la kuandika' mpaka mkono wenyewe uone haya."

Wiki ya kwanza mkono wangu haukuona haya hata kidogo. Nikaandika habari za hita ya maji inayokohoa, mbwa wa jirani, na bei ya karatasi. Wiki ya pili nikaandika kuhusu ndugu zangu. Wiki ya tatu, Jumanne moja, kalamu ikaandika yenyewe: Nimechoka na Mama. Nimechoka na macho yake. Natamani aende Taichung akakae kwa Shao-wen, mwanawe mkubwa, asinitazame mikono tena hadi nife. Nikajaza ukurasa mzima na wa pili. Nilipoweka kalamu chini mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyevua viatu vilivyombana harusi nzima. Saa mbili Mama akashuka, akasema "Mmh" yake, na mimi nikamjibu, "Ndiyo, Mama," kwa sauti tamu iliyomshtua hata Sheng-fu.

Na mkono ukafunguka. Wiki ile nilichora yangeyange kwenye shamba la mpunga, nikachora banda la zamani la kukaushia tumbaku mlango ukiwa wazi, nikachora makoti ya mvua yaliyoanikwa kwenye kamba. Sikujua yalikuwa yamejificha wapi. Nadhani yalikuwa yamekaliwa na yale machungu.

Tatizo likawa karatasi. Kuziweka nyumbani sikuthubutu, maana Mama hupanga kabati za watu wote bila kuombwa. Kuzitupa kwenye takataka, hapa kwetu? Karatasi yenye maandishi ni kitu kitakatifu, haitupwi, haifungiwi samaki, haichomwi kwenye jiko la mtu. Ina kapu lake kando ya mlango wa kila nyumba. Mzee Ting-fa hupita na mzega wake, anakusanya, anapeleka hekaluni kwenye tanuru la maandishi, na mwaka mpya jivu hupelekwa mtoni kwa ngoma na uvumba. Basi kila baada ya siku kumi nilizichomoa kurasa zangu daftarini, nikazisukuma chini kabisa ya kapu, na nikamshukuru Mzee Ting-fa kimoyomoyo. Niliona nimepata siri isiyo na shahidi: imeandikwa, imechukuliwa, imekuwa jivu.

Asubuhi moja ya tarehe kumi na tano nikamaliza kuandika, nikapika, saa mbili ikapita bila mtu kushuka.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza Sheng-fu.

"Hekaluni. Anachambua karatasi."

"Anachambua nini?"

"Za kwenye makapu. Watu wanachanganya na plastiki, moshi ukawa mweusi, majirani wakalalamika. Kuanzia mwezi huu akina mama wanazipitia kwanza, moja moja. Yeye na kina Shangazi Yun-mei. Si alikwambia?"

"Zile alizochukua Mzee Ting-fa juzi?"

"Hizo hizo. Sasa mbona umekuwa mweupe? Maziwa ya soya yamechacha?"

Nilikuwa tayari juu ya pikipiki, na kofia ngumu nimeivaa kisogo mbele.

Njia nzima nilikuwa nikihesabu kurasa za siku kumi za mwisho na kilichomo ndani. Si kwamba Mama angenipigia kelele. Ningefurahi angenipigia kelele. Niliogopa angesoma, angekunja karatasi, angepanda juu na kufunga sanduku lake, na asubuhi ningemkuta mlangoni akimsubiri Shao-wen. Kwa maneno yangu mwenyewe, tena yasiyokuwa ya kusomwa. Mzee wa miaka themanini na moja, anafukuzwa kwake kwa kalamu ya dukani.

Nilipofika, akina mama sita walikuwa wameketi kuzunguka meza ndefu upenuni mwa hekalu, vikombe vya chai pembeni. Nikasimama nyuma ya nguzo kuchungulia. Na nikaona jambo lililonirudishia pumzi: kila karatasi ililala kifudifudi. Walizipapasa kwa vidole, wakachomoa pini, wakatoa plastiki kwa kusikiliza inavyolia, wakaziweka kwenye rundo bila kuzigeuza.

"Uso chini, jamani, uso chini," Bibi Tai-mei, mkubwa wao, alikuwa akimwambia mgeni mmoja. "Maneno ya mtu ni yake na mbingu. Sisi ni vidole tu."

Moyo ukashuka mahali pake. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, nikae, nichambue nao, ziende zote motoni. Mtu mwenye akili angefanya hivyo.

"We Ah-Chin!" Shangazi Yun-mei alikuwa ameniona. Huyo mdomo wake haujawahi kulala mchana. "Pikipiki imelia kama inafukuzwa na polisi! Umepoteza nini?"

Wote wakanigeukia, na Mama pia, miwani puani. Nikatafuta neno, nikashika la kwanza.

"Risiti," nikasema. "Risiti ya dukani. Nahisi... nahisi namba zake zimetoka."

Aliyewahi kukaa hapa kwetu anajua nilichokifanya. Hakuna mtu katika kisiwa hiki anayechezea risiti. Kila miezi miwili serikali huchezesha bahati nasibu kwa namba zake, na kila familia ina shangazi aliyefungia vitumbua kwa risiti iliyoshinda, akalia mwaka mzima. Ningesema nimepoteza mtoto, wangeniambia kaa kwanza unywe chai.

"Imetoka!" Yun-mei akasimama, kiti kikaanguka. "Zawadi ya ngapi?"

"Sijui. Ya... ya kati."

"Ya kati! Jamani, geuzeni! Geuzeni zote!"

"Uso chini—" Bibi Tai-mei akaanza.

"Uso chini baadaye, dada! Mungu mwenyewe ana risiti zake!"

Na wakazigeuza. Mikono kumi na miwili, marundo manne. Niliruka huku na huko nikisema haina haja, labda iko nyumbani, labda si ya mwezi huu, na kadiri nilivyokataa ndivyo walivyoona zawadi inakua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu haikufika hata mlangoni.

"Mtoto wa kina Tseng kapata sifuri ya hesabu!"

"Hii ya hospitali, irudishe, irudishe."

"Barua ya mapenzi! Lo, ni ya mwaka juzi."

Halafu Yun-mei akainua karatasi yenye mistari ya buluu, na nikaijua kabla hajafungua mdomo. "'Sina la kuandika, sina la kuandika, sina la kuandika.' Huyu naye kapatwa na nini? Tena kajaza! 'Nimechoka na—'"

Mkono mmoja uliotetemeka ukapita juu ya meza na kuichukua. Mama hakuipokonya. Aliichukua kama mtu anayepokea chenji.

"Lete hiyo. Ni ya nyumbani kwangu," akasema. "Ni mambo ya rangi."

"Rangi zinachosha?"

"Ungechora miaka arobaini ungejua."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alizitafuta nyingine rundoni, akazipata, akazisoma palepale mbele yangu, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata mistari. Mimi nilisimama na kofia yangu ngumu mkononi. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, hata siku ya harusi yangu nilipojikwaa kwenye bakuli la makaa analovuka bibi harusi. Alipomaliza alizikunja mara mbili na kuzitia mfukoni mwa fulana yake.

"Risiti haipo," akawaambia wenzake. "Nimekumbuka, ilikuwa ya mwezi uliopita na ilikuwa imekosa kwa namba moja. Huyu mkwe wangu anachora vizuri, lakini namba hazijui. Zirudisheni uso chini. Ah-Chin, nipeleke, goti linaniuma."

Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata wagombea wanaokuja kuomba kura, alidanganya mara mbili mfululizo upenuni mwa hekalu. Nikawasha pikipiki. Yeye akakaa nyuma, akashika koti langu kwa vidole viwili, na tulipokaribia sokoni akanigonga bega.

"Simama kwa A-Hai. Nataka tambi."

Tukakaa. A-Hai akaleta mabakuli mawili ya tambi za mchele, vitunguu vya kukaanga juu yake. Mimi sikuweza hata kushika vijiti vya kulia.

"Mama, yale maneno—"

"Kula kwanza. Zikipoa zinakuwa mpira."

Nikala, machozi yakiwa tayari njiani. Alimeza bakuli nusu, akafuta mdomo.

"Umeandika nikakae kwa Shao-wen."

"Mama, ni kalamu tu ile. Mwalimu alisema tuandike bila—"

"Kalamu haina mama mkwe, Ah-Chin."

Nikainamisha kichwa.

"Shao-wen anakaa ghorofa ya kumi na nne," akaendelea. "Mkewe anatia barafu kwenye chai. Siendi."

"Usiende, Mama. Nakuomba usiende."

"Sikuomba ruhusa." Akavuta mchuzi. "Na kama hayo ndiyo matusi yako makubwa, basi hujui kutukana. Mimi sikuwa na daftari. Nilikuwa na nguruwe. Kila alfajiri nilipowapelekea majani ya viazi niliwaambia yote niliyotaka kumwambia mama mkwe wangu. Nilimwombea radi."

"Radi?"

"Radi, na iwe mchana watu waione. Nguruwe wale walijua habari za nyumba ile kuliko baba mkwe. Mwaka mpya ukifika tunawala, siri zinaisha."

Nilicheka mpaka mchuzi ukanipanda puani. Naye akacheka, mabega tu yakitikisika. Halafu akaacha kucheka, akaweka vijiti vyake sambamba juu ya bakuli.

"Ila moja sijalielewa. Hili la kukaa na kukutazama mikono. Kwani si wewe uliyetaka?"

"Mimi?"

"Mwaka ulioolewa. Mwavuli wako wa kwanza, wa vipepeo. Ulilia jikoni. Ulimwambia Sheng-fu, 'Mama hata hajaja kuutazama, ananiona si kitu.' Kuta zile ni mbao, Ah-Chin. Nilisikia. Nikajiambia, basi nitatazama kila siku, huyu mtoto wa watu asije akalia tena nyumbani kwangu." Akagusa goti lake. "Ngazi kumi na saba. Kila siku ya Mungu. Miaka hii miwili ya mwisho, naapa, nikiamka kitu cha kwanza ninachofikiria ni zile ngazi. Nilidhani siku nisiposhuka utaona nimekutupa."

Niliwakumbuka vipepeo. Walikuwa wabaya, mabawa mafupi kama ya nzi. Na nilikumbuka kulia, na maneno yale yale, na Sheng-fu akinishikia taulo. Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka ishirini na miwili nilimchukia mtu kwa kunifanyia kitu nilichokiomba kwa machozi. Aibu ilinipanda usoni, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kikubwa zaidi, nafuu ambayo sijawahi kuionja, ya kujua kwamba hakuwa ananipima. Alikuwa ananibembeleza, kwa namna yake ngumu isiyo na maneno.

"Sasa kwa nini hukuwahi kusema kitu?" nikamuuliza. "Mmh, mmh, kila siku mmh!"

"Ningesema nzuri, ungesema nakupaka mafuta. Ningesema mbaya, ungerudi jikoni kulia. Nikachagua mmh."

"Basi kesho usishuke."

Akanitazama. "Nisishuke?"

"Usishuke, Mama. Lala."

"Hutalia?"

"Silii."

"Mbona unalia sasa?"

"Ni pilipili."

"A-Hai!" akaita, na sauti yake ilikuwa imetua mzigo, naapa niliusikia ukianguka. "Leta bakuli jingine. Na huyu mletee la kujifutia, pilipili yako imemwua."

Tuliporudi tulipitia tena hekaluni, kwenye tanuru, lile la matofali kama mnara mdogo. Akazitoa kurasa zangu mfukoni, akanipa. "Tia mwenyewe. Uso chini." Nikazitia. Zilishika moto upesi, karatasi ya daftari ni nyepesi. Akasema ukurasa wa tatu wa kila siku hakuusoma kwa sababu mwandiko wangu ukifika hapo ni wa kuku, na nikamshukuru kuku.

Kesho yake niliamka, nikaandika. Sikumtaja hata mara moja. Niliandika habari za nguruwe, kurasa zote tatu, wakiwa wamekaa vizuri wanasikiliza. Saa mbili ikafika. Hakuna aliyeshuka. Nikasikia mkoromo, mrefu na wa raha, wa mtu aliyekuwa anadaiwa usingizi miaka mingi. Nikachukua mwavuli mweupe nikachora nguruwe watatu pembeni, masikio yamesimama, na mwanamke kijana ameinama kwao na kapu la majani, mdomo wazi. Brashi haikusita hata mahali pamoja. Sheng-fu alipita na mianzi begani, akasimama, akatazama, akaenda zake akitabasamu.

Saa nne nilikuwa nimemaliza. Nikaunyanyua ule mwavuli, rangi bado mbichi, nikaanza kupanda ngazi. Nilikuwa nimefika ya tatu sauti ikatoka juu, nzito ya usingizi.

"Rudi chini!"

"Mama, nakuonyesha tu, ni nguruwe, ni wale—"

"Mguu wako naujua. Nimestaafu. Kikiwa kizuri ni kizuri, kikiwa kibaya kipake upya. Niache nilale!"

Nikasimama pale kwenye ngazi ya tatu na mwavuli wangu. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyekuja kunitazama. Ni mimi, kwa miguu yangu, niliyekuwa ninapanda kuitafuta ile "Mmh". Nikaanza kucheka peke yangu, kimya kimya nisimwamshe, nikageuka. Nikautoa mwavuli uani, nikaukagua juani kwa macho yangu mwenyewe, nikaona mguu wa nguruwe mmoja umepinda. Nikaurekebisha, nikauacha ukauke, nikarudi ndani kuchukua mwingine.